Fa thalai chon: jani chungu la Thailand na hesabu ya miligramu zake

Chukua pakiti mbili za dawa ileile. Moja imeandikwa miligramu 400 kwa kila kapsuli, nyingine miligramu 20. Asiyejua atadhani ya kwanza ndiyo kali, na ya pili huenda akaiona ya watoto. Kumbe ni kinyume. Ile ya 20 mara nyingi ina nguvu mara mbili hadi mara tano ya ile ya 400. Zote mbili zimetokana na mmea mmoja, ambao Wathai huuita fa thalai chon, na makosa mengi ya watumiaji wake huanzia hapo kwenye lebo: mmoja anameza kidogo mno kisha anasema mitishamba ni porojo, mwingine anameza mara tatu ya kipimo na kuishia chooni usiku kucha.

Mmea huu unastahili kuelezwa vizuri, kwa kuwa ni miongoni mwa dawa chache za asili ambazo nchi yake imezipima, ikaziandikia dozi na kuzigawa hospitalini. Wizara ya Afya ya Thailand iliuingiza katika orodha ya taifa ya dawa muhimu mwaka 1999, pamoja na manjano na mimea mingine michache. Kuwekwa kwenye orodha hakumaanishi unatibu kila kitu. Unafaa kwa mambo machache, kwa kipimo fulani, kwa siku chache, na kuna watu ambao hawapaswi kuugusa kabisa.

Kuutambua

Jina lake la kisayansi ni Andrographis paniculata. Asili yake ni India na Sri Lanka, lakini kwa muda mrefu umeota na kulimwa kote Kusini-Mashariki mwa Asia na kusini mwa China. Waindonesia huuita sambiloto, Wamalaysia hempedu bumi, yaani nyongo ya ardhi, Wavietnam xuyên tâm liên, Wachina chuan xin lian, na Wahindi kalmegh. Ukikutana na jina lolote kati ya hayo kwenye pakiti, ni mmea uleule.

Ni mmea wa msimu mmoja, unafika sentimita 30 hadi 110. Pitisha kidole kwenye shina lake: lina pembe nne, si la mviringo. Majani ni membamba, ya kijani kilichokolea, yenye ncha, na hukaa mawilimawili yakielekeana. Maua ni madogo meupe yenye michirizi ya zambarau. Baada ya maua huja maganda membamba ya urefu wa sentimita mbili hivi yanayosimama wima, na yakikauka hupasuka na kurusha mbegu ndogo za kahawia. Sehemu zote ni chungu. Kipande cha jani kidogo kuliko ukucha kinatosha kuacha uchungu mdomoni kwa dakika kadhaa, uchungu unaokamata nyuma ya ulimi na kushuka kooni.

Hapa kuna mtego kwa wanunuzi wa maduka ya dawa za Kihindi. Kuna mmea mwingine mchungu uitwao chirata, Swertia chirayita, unaotoka milima ya Himalaya. Kalmegh ni rahisi kuipata kuliko chirata, kwa hiyo mara nyingi huuzwa kwa jina la chirata au huchanganywa nayo. Kemikali zake ni tofauti na dozi hazilingani. Kama pakiti haina jina la kisayansi, huna njia ya kujua umenunua kipi, kwani uchungu peke yake hautoshi kuitambulisha.

Walivyoutumia wenyewe

Tiba ya jadi ya Thailand huanza na ladha. Kitu kichungu huhusishwa na damu, nyongo na homa, na fa thalai chon huhesabiwa kuwa dawa ya baridi, inayotuliza joto la mwili. Ndiyo maana hupewa mtu mwenye homa, koo jekundu linalochoma, au tumbo la kuendesha lisilo kali. Kwa mantiki hiyohiyo, waganga huonya kwamba anayeitumia muda mrefu atapoa kupita kiasi: mikono na miguu italegea na kufa ganzi. Onyo hilo halikubaki kwa wazee. Karatasi za maelekezo za kisasa za Thailand bado husema kwamba matumizi ya muda mrefu huweza kuleta udhaifu wa viungo.

Wachina wanakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kwao chuan xin lian ni chungu na baridi, ya kupewa mwenye koo lililovimba, kikohozi chenye makohozi ya njano, kuhara damu, majipu, hata aliyeumwa na nyoka. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi na kutokwa kamasi nyepesi kama maji huwa hapewi.

Lakini mahali ambapo mmea huu umeingia zaidi katika maisha ya kila siku ni kisiwa cha Java. Jamu, yaani dawa za mitishamba za kunywa, huuzwa barabarani na wanawake wanaoitwa mbok jamu. Muuzaji hubeba kapu mgongoni, limefungwa kwa kitambaa kirefu kinachopita begani, ndani yake chupa zimesimama safu kwa safu. Kila chupa ina kinywaji chake: kuna cha manjano na ukwaju, kuna cha mchele na kencur, ambao ni mzizi wa jamii ya tangawizi, na kuna pahitan, chupa ya uchungu. Pahitan hutengenezwa kwa kuchemsha sambiloto, mara nyingi pamoja na brotowali, mtambaazi mwingine mchungu. Wateja wake ni watu wenye kuwashwa ngozi, wanaotaka kusafisha damu, waliopoteza hamu ya kula, na siku hizi wenye kisukari. Mteja hunywa gilasi nzima akiwa amesimama papo hapo, kisha muuzaji humwagia kidogo cha mchele na kencur, chenye sukari ya mnazi, ili aoshe mdomo. Desemba 2023 UNESCO iliingiza utamaduni wa jamu katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu, na ulistahili.

Jamu ya uchungu hunywewa kidogo, mara kwa mara, na mtu ambaye haumwi sana. Dozi ya Thailand ya koo ni kubwa zaidi na ni ya siku chache. Ni matumizi mawili tofauti, na anayeyachanganya, kwa mfano kunywa dozi ya koo kila siku kwa miezi ili damu iwe safi, amekwenda kinyume na mila zote mbili.

Kilichomo ndani

Mwaka 1911 mkemia Gorter alifanikiwa kutenga kitu kikuu kinachouleta uchungu huo, kikaitwa andrografolidi. Kinapatikana zaidi kwenye majani. Shina lina kidogo tu, na hapo ndipo wauzaji wasio waaminifu hupata faida: wakisaga mmea mzima wenye mashina mengi, mfuko unakuwa mzito na dawa inakuwa hafifu.

Kuna mambo mawili kuhusu andrografolidi ambayo hueleza karibu kila kitu kuhusu namna ya kuutumia mmea huu.

La kwanza, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Huyeyuka kwenye pombe. Kwa hiyo chai ya majani hutoa sehemu tu ya kilichomo, na mtu anayechuja chai yake vizuri na kutupa machicha ametupa dawa nyingi. Anayemeza unga wa jani lenyewe hupata zaidi. Kuchemsha saa nzima hakusaidii. Uchungu utaongezeka kidogo, lakini sehemu kubwa inabaki kwenye majani. Hata ikishafika tumboni, mwili hufyonza kidogo, na kiasi chake kwenye damu hufika kilele baada ya saa moja na nusu hadi mbili kisha hushuka. Ndiyo sababu dozi hugawanywa mara tatu au nne kwa siku. Kumeza ya siku nzima kwa mkupuo mmoja asubuhi kunaleta kichefuchefu na kuacha usiku bila dawa.

La pili ni kazi yake mwilini. Seli zinapovamiwa, kuna protini iitwayo NF-kappa B inayoamuru zitoe kemikali za uvimbe, zile zinazoleta wekundu, maumivu na joto. Andrografolidi huishika protini hiyo na kuizuia. Kwa maneno mengine, nguvu yake kubwa ni kupunguza uvimbe. Katika maabara imeonekana pia kubana baadhi ya virusi, lakini haina uwezo wa antibayotiki wa kumaliza bakteria walioko kooni. Maumivu yanaweza kupungua na bakteria wakabaki, jambo ambalo lina hatari yake.

Hesabu ya dozi

Unga wa jani lililokaushwa vizuri huwa na andrografolidi kati ya asilimia 1 na 3 hivi, kutegemea mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na umri wa unga. Tuchukue asilimia 1.5 kama mfano wa kawaida. Kapsuli ya unga ya miligramu 400 itakuwa na miligramu 6 za andrografolidi. Kapsuli ya kiini kilichokamuliwa iliyoandikwa 20 ina miligramu 20 za andrografolidi yenyewe. Miligramu za kwanza ni za jani, miligramu za pili ni za kiini, na lebo nyingi haziambii wazi zinazungumzia zipi.

Maelekezo ya Thailand kwa unga wa jani, kwa mtu mzima, ni haya. Koo linalouma: gramu 3 hadi 6 kwa siku, zigawanywe mara nne, baada ya kila mlo na kabla ya kulala. Mafua: gramu 1.5 hadi 3 kila mara, mara nne kwa siku. Kuhara kusikotokana na maambukizi: miligramu 500 hadi gramu 2 kila mara, mara nne kwa siku. Kwa bidhaa zinazopimwa kwa kiini, kipimo cha mafua ni miligramu 60 hadi 120 za andrografolidi kwa siku nzima. Ukipiga hesabu utaona vipimo hivi viwili vinakutana: gramu 6 za unga wenye asilimia 1 zina miligramu 60, na wenye asilimia 2 zina miligramu 120.

Sasa mwangalie anayemeza kapsuli moja ya unga asubuhi na moja jioni. Amepata miligramu 12 za kiini kwa siku, sehemu moja tu ya tano ya kipimo cha chini. Huyo ndiye asemaye dawa haina kazi. Ili afike miligramu 60 kwa unga huo angehitaji kapsuli kumi, na watu wengi hushindwa, ama kwa uvivu wa kumeza ama kwa kuudhika tumbo. Kwa sababu hiyo viwanda vilianza kutengeneza kapsuli za kiini.

Kosa la upande wa pili ni hatari zaidi. Mtu amesoma mahali kwamba kwa mafua unameza kapsuli nne hadi saba mara nne kwa siku, maelekezo sahihi ya unga wa miligramu 400, kisha ana mkononi kapsuli za kiini za 20. Akizifuata atameza kati ya miligramu 320 na 560 za andrografolidi kwa siku. Kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuidhinishwa Thailand kwa ugonjwa wowote ni miligramu 180 kwa siku, kwa siku tano. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2000 lilijaribu andrografolidi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI na wachache wasio navyo, likianzia miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito na kupanda hadi 10. Mtu wa kilo 60 alianza na 300. Lilisimamishwa katika wiki ya sita kwa sababu ya madhara, yakiwemo mzio mkali uliompata mshiriki mmoja.

Kabla ya kumeza chochote, basi, tafuta kwenye lebo mstari unaotaja kiasi cha andrografolidi. Ukiuona, hesabu kwa huo peke yake. Usipouona, na imeandikwa ni unga wa jani, tumia vipimo vya gramu. Ikiwa haijulikani ni unga au kiini, iache dukani.

Kutengeneza nyumbani

Kijijini Thailand njia ya zamani kabisa ni majani mabichi 5 hadi 7 yaliyooshwa, yakamiminiwa maji yaliyochemka na kufunikwa dakika tano hadi kumi, gilasi moja mara tatu au nne kwa siku. Ni njia nyepesi, ya koo lililoanza kuwasha tu.

Vidonge vya asali ndivyo bora kwa anayelima mwenyewe. Majani huoshwa, hukaushwa kivulini penye upepo, husagwa na kuchekechwa, kisha unga huo hukandwa kwa asali na kuviringishwa vidonge vyenye ukubwa wa punje ya soya. Kipimo ni vidonge vitatu hadi sita kila mara, mara nne kwa siku, kila kidonge kikihesabiwa kuwa na miligramu 250. Kosa la kawaida ni kupima kidonge kikiwa tayari kimeshachanganywa, na asali ni nzito. Pima unga kabla: gramu 50 za unga zigawanywe zitoe vidonge 200, hapo kila kimoja kitakuwa na miligramu 250 za dawa, asali iwe nyingi au kidogo. Viringisha, kisha vikaushe hadi visinate. Vidonge vyenye unyevu huota ukungu ndani ya wiki chache, na ukungu huanzia katikati ambako huoni.

Wengine huloweka majani makavu kwenye pombe kali siku saba, wakitikisa chupa kila siku, huchuja na kunywa kijiko kimoja au viwili vya chakula mara tatu hadi nne. Kikemia njia hii ina mantiki kwa kuwa kiini huyeyuka kwenye pombe, lakini haina kipimo unachoweza kukihesabu, na mwenye homa anayemeza parasetamoli hapaswi kuongezea pombe juu yake. Vidonge vya asali vinatosha.

Shambani

Dawa nzuri au mbaya huamuliwa zaidi na siku ya kuvuna kuliko na mashine ya kusaga. Andrografolidi huwa nyingi mmea unapoanza kutoa maua, takriban siku 110 hadi 150 tangu kupandwa, wakati karibu nusu ya shamba imechanua. Ukivuna mapema majani bado hayajajaza. Ukingoja maganda yakauke, mmea umeshahamishia nguvu zake kwenye mbegu na majani ya chini yamepukutika.

Mbegu zina ganda gumu na hulala muda mrefu. Wakulima wa Thailand huzitumbukiza kwenye maji moto yasiyochemka, nyuzi 50 hadi 80, kwa dakika tano hadi kumi, kisha huzisia kwenye kitalu bila kuzifukia sana. Nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya miche inatosha. Wakati wa kuvuna, kata shina ukiacha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Kitachipua tena na kukupa mavuno mengine.

Osha, katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5, kausha siku hiyohiyo. Kwenye kikaushio wanaanza na nyuzi 50 kwa saa nane za kwanza, halafu wanashusha hadi 40 au 45 mpaka majani yavunjike kwa vidole. Jani lililokauka vizuri hubaki kijani. Likiwa jeusi au la kahawia, lilirundikwa likiwa na maji, likachemka lenyewe kabla ya kukauka. Hifadhi majani mazima kwenye chombo kinachozuia hewa na mwanga, usage pale tu unapohitaji. Hata hivyo usiyaweke zaidi ya mwaka, kwani ndani ya muda huo karibu robo ya kiini hupotea, na unga hupoteza haraka zaidi kuliko jani zima.

Ushahidi unasema nini

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 1991. Watu wazima 152 wenye koo na mafindofindo yaliyovimba waligawanywa: wengine walipewa parasetamoli, wengine gramu 3 za unga wa fa thalai chon kwa siku, wengine gramu 6. Siku ya tatu, waliopewa gramu 6 walikuwa wamepata nafuu ya homa na maumivu sawa na wa parasetamoli, na kubwa kuliko wale wa gramu 3. Siku ya saba makundi yote yalikuwa sawa. Matokeo haya yanatufundisha mengi kuliko sifa zinazoandikwa kwenye matangazo: mmea unafanya kazi kiasi cha parasetamoli, kwa dozi kubwa, na faida yake iko katika siku za mwanzo.

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikusanya majaribio 33 yenye washiriki 7,175 kuhusu mafua, koo na kikohozi. Yalionyesha nafuu ya dalili, lakini waandishi walisema wazi kwamba mengi ya majaribio hayo yalifanywa kwa viwango vya chini.

Kisha ikaja Korona. Mwaka 2021 Thailand iliidhinisha miligramu 180 za andrografolidi kwa siku, kwa siku tano, kwa wagonjwa wenye dalili ndogo. Magereza yaligawa kapsuli kwa maelfu ya wafungwa na viongozi wakatangaza kwamba karibu wote walipona. Bei zikapanda na kapsuli bandia zikaingia sokoni. Tatizo la takwimu za magereza ni kwamba hakukuwa na kundi la kulinganisha, na watu wengi wenye dalili ndogo hupona hata wasipopewa kitu. Jaribio lililokuwa na kundi la kulinganisha lilikuwa dogo: wagonjwa 57, 29 wakapewa kiini na 28 hawakupewa. Watatu kati ya hao 28 walipata nimonia, na hakuna hata mmoja kati ya 29. Ripoti ya awali ilisema tofauti hiyo ingetokea kwa bahati chini ya mara 4 katika 100. Hesabu iliporudiwa, ilikuwa kama mara 11 katika 100, yaani haitoshi kuthibitisha chochote, na waandishi wakaiondoa ripoti yao Agosti mwaka huohuo. Kuiondoa ilikuwa uungwana wa kisayansi. Kwa bahati mbaya, tangazo la kwanza liliendelea kusambazwa kwenye makundi ya simu bila marekebisho.

Wasioruhusiwa, na dalili za kusimamisha

Turudi kwenye koo. Mafindofindo yenye usaha, homa kali, kutetemeka na tezi za shingo zilizovimba huweza kuwa yametokana na bakteria aina ya streptokokasi kundi A. Bakteria hao wasipotibiwa kwa antibayotiki, mwili huweza kugeuka na kushambulia valvu za moyo au vichujio vya figo wiki kadhaa baadaye. Maelekezo ya Thailand yanakataza fa thalai chon kwa koo la aina hiyo, na kwa yeyote aliyewahi kupata ugonjwa wa moyo au wa figo uliotokana nalo. Mmea utapunguza maumivu, mzazi ataona mtoto ameanza kula, na bakteria wataendelea na kazi yao. Afrika Mashariki bado ina vijana wengi wenye valvu za moyo zilizoharibiwa hivyo, kwa hiyo onyo hili lina uzito kwetu pengine kuliko huko lilikoandikwa. Dozi zilizotajwa hapa, tena, ni za watu wazima.

Mjamzito asiutumie, wala anayetafuta mimba, wala anayenyonyesha. Katika majaribio ya wanyama umeonekana kuzuia mimba na kuiharibu.

Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda auepuke: andrografolidi huzuia mojawapo ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja warfarini, na yenyewe hupunguza kuganda kwa damu. Anayetumia dawa za presha, presha yake inaweza kushuka ghafla hadi apate kizunguzungu akisimama. Mwenye kisukari anayemeza dawa zake kisha akanywa sambiloto juu yake anaweza kushusha sukari kupita kiasi; hilo ndilo jambo ambalo wapenzi wa jamu ya uchungu husahau.

Madhara ya kawaida ni kichefuchefu, tumbo kuuma, kuharisha, kukosa hamu ya kula na kichwa kuuma. Madhara ya nadra ni mzio mkali. Mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo mwaka 2015 baada ya kupokea taarifa za watu waliovimba na kubanwa pumzi, wengine kwa dozi ya kwanza kabisa, na baadaye ikaongeza onyo la kupotea kwa ladha ya chakula. Vipele vya ghafla, midomo kuvimba, kifua kubana: acha papo hapo na uende hospitali. Usirudie kujaribu kwa dozi ndogo.

Sindano za andrografolidi za China ni suala jingine kabisa. Zimehusishwa na mzio na kuumia kwa figo, na kila kilichoelezwa hapa kinahusu dawa ya kumeza tu.

Kwa msomaji wa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo liko moja zaidi. Katika visiwa vya Indonesia sambiloto ilitumika pia kwa homa za malaria, na mtu aliyezoea mwarobaini atavutiwa kirahisi na wazo hilo. Homa ya kwetu ipimwe malaria kwanza, siku ileile. Kama kipimo kimeonyesha malaria, dawa ni mseto, na jani hili lisichukue nafasi yake. Kama si malaria, koo halina usaha na wewe si miongoni mwa waliokatazwa, anza ndani ya siku mbili za mwanzo za dalili. Siku ya tatu bila nafuu, acha na umuone daktari. Hata ukipata nafuu, usivuke siku tano. Ukienda kituo cha afya beba na pakiti yenyewe, maana mhudumu hawezi kukadiria ulichomeza kwa kuambiwa idadi ya kapsuli tu.